Bawaba

Wimbo wako umefika hadi Mbuyuni, Elinami.
Leo asubuhi fundi mmoja wa Pasua kaupiga kwenye simu
huku akichagua misumari ya inchi tatu,
akatikisa kichwa kama mwenye nywele ndefu,
ilhali ana upara.
Akaniuliza: dada, unaujua huu?
Nikamwambia kilo ni elfu nne.

Naujua.
Naujua tangu haujapata gitaa.

Unasema mvua ilinyesha usiku ule.
Ilikuwa Februari. Vumbi la Njoro lilikuwa mpaka ndani ya chumvi
na maji tulinunua kwa dumu.
Unasema mlima ulilia.
Mlima haukuonekana wiki nzima,
ulikuwa na shughuli zake.
Unaniita Lina
kwa sababu Ndeshimuni halikuenea kwenye mstari.
Sawa. Jina langu refu;
bibi aliyenipa hakuwa na haraka.

Lakini mlango.
Kwenye kiitikio unapaza sauti mpaka mishipa inakutoka
kwamba niliubamiza, niliubamiza, niliubamiza,
na huko Arusha, nasikia, uwanja mzima
unapiga miguu chini mara tatu.

Elinami, mlango upi?
Ule wa bawaba moja?
Ule wa kuinuliwa kwa mikono miwili kama mgonjwa
ndipo ukubali kukaa kwenye fremu?
Miaka miwili nilikuomba bawaba ya pili,
miaka miwili ukanunua nyaya za gitaa.
Nilipoondoka niliweka chini ndoo, jiko na begi la nguo,
nikauinua,
nikaurudisha taratibu
nisikuamshe.
Sijui kama kuna mtu amewahi kuachwa
kwa adabu namna ile.

Wala sikwenda kwa mwenye gari jeupe.
Nilikwenda Rau kwa dada yangu Aikande,
nikalala na watoto watatu kitanda kimoja,
mmoja kikojozi.
Hilo najua halina vina.

Sikulaumu sana. Wimbo nao una tumbo lake,
hauwezi kushiba ndoo na jiko.
Nimewaona wanawake wakiulilia saluni,
mmoja kichwa kimo ndani ya draya,
machozi yanashuka pamoja na dawa,
anasema huyu Lina hakuwa na moyo.
Nikamwambia kweli, hakuwa nao.
Nikaendelea kusubiri zamu yangu.

Na ule mdundo wa mwanzo unaowainua vitini,
ko, ko-ko, ko,
watangazaji wanakuuliza uliutoa wapi,
wewe unacheka tu.
Ni mwiko wangu huo, kwenye sufuria tupu,
Jumamosi, mwenye nyumba kapita mara ya tatu
na wewe umekaa kitandani unatafuta noti,
zile za muziki.

Kuna mahali pamoja hukudanganya.
Kabla ya kiitikio cha mwisho ngoma inanyamaza,
gitaa linanyamaza,
unavuta pumzi na husemi kitu.
Sekunde nne. Nimezihesabu.
Hapo ndipo huwa nachelewa kurudisha chenji.

Maana ulikuwa macho, sivyo?
Pumzi ile naijua, si ya mtu aliyelala.
Uliniona nimeubeba mlango kifuani
ukaniacha niubebe peke yangu,
kisha ukaenda kuimba kwamba niliubamiza.

Fundi amefunga misumari yake kwenye gazeti.
Amefika kizingitini, akageuka:
nimesahau, dada, nipe na bawaba.
Ngapi?
Moja itatosha, ni chumba cha kupanga tu.

Nikampa mbili.
Ya pili nikaiandika daftarini
kwa jina langu, lile refu.